Sindano Isiyouma

Kuanzia sokoni mpaka kule barabara ya Beni inapoanza kupanda, hapakuwa na mama asiyejua jambo hili: sindano ya Mama Nasiba haiumi.

Mnaijua Butembo asubuhi. Ukungu umelala juu ya mabati, maji ya mtungi yanauma meno, na mtoto mwenye homa anatetemeka hata chini ya vitenge vitatu. Sasa chukua penisilini iliyochanganywa na maji ya baridi namna hiyo, umsukumie mtoto kwenye tako. Atapiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde. Hospitalini watoto walianza kulia tangu getini, kabla hawajaona hata koti jeupe. Kwa Hadidja, ambaye watu walimwita Mama Nasiba kwa jina la binti yake, watoto hawakulia.

Siri yake haikuwa siri. Alikuwa na kikapu alichokitandika nguo kuukuu, akakiweka kando ya mafiga, mahali majivu yanapokaa na uvuguvugu mchana kutwa. Ndani ya kikapu alilaza chupa ya dawa. Dawa ikakaa na joto la mwili, ikaingia mwilini kama mgeni aliyepiga hodi.

"Mama Nasiba, unalalia mayai?" wenzake walimcheka.

"Eee. Kifaranga yenye itatoka humu itakuwa munganga, itakuja kutibu bulimi benu, hizo ndimi ndefu," alijibu, huku akivuta dawa kwenye serengi, bomba lake la sindano. "Geuza mutoto. We mama, hapana mushika sawa unashika mwizi. Alikuibia nini? Haya. Imekwisha. Mutoto anaangalia kuku, hata hajui kama nimemuchoma."

Ndivyo alivyokuwa, mdomo mkali na mkono laini. Watu walimsamehe mdomo kwa sababu ya mkono.

Na huyo kuku aliyekuwa anaangaliwa na mtoto, tumseme kabisa, maana atarudi mbele. Alikuwa mwekundu, shingo tupu, wa Débora muuza mafuta ya mawese. Mwezi wa Ramadhani uliopita binti yake Débora, Mariette, mwenye miaka minne, alishikwa na kifua. Hadidja alimchoma asubuhi na jioni, siku tano. Siku ya sita mtoto akafa. Matanga yalipokwisha, Débora alikuja na kuku kwapani.

"Kamata, yaya," alimwambia, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Hakulia hata siku moja. Alikuwa anakuita mama wa sindano tamu. Hospitali ingemutesa bure. Wewe hukumutesa."

Hadidja alilia, akapokea kuku. Kuku akataga, akaatamia, akawa na vifaranga. Kila asubuhi alipita mbele ya mafiga akiparua majivu.

Sindano Hadidja hakuisomea. Aliishia darasa la sita. Alipewa na baba yake, mzee Musafiri, aliyekuwa mfunga vidonda katika zahanati ya shamba moja la kahawa huko Mutwanga, enzi za Wabelgiji. Uhuru ulipokuja daktari alipanda gari lake, akasema atarudi baada ya wiki mbili, na funguo za kabati akamwachia Musafiri. Mpaka leo hajarudi. Miaka minne baadaye waasi walipita, wakamwamuru awatibu. Akawatibu. Wakaja askari wa serikali wakiwafukuza wale, nao wakataka kutibiwa. Akawatibu. Kisha kila upande ukamtukana kwamba ametibu upande mwingine.

Hadidja alikuwa na miaka tisa, kazi yake kuchota maji na kuchemsha sindano katika kisanduku cha bati. Jambo moja alilishangaa. Watu wa foleni wakiisha, baba yake alichukua dawa iliyobaki kwenye flakoni, kile kichupa chenye kofia ya mpira, akaenda nyuma ya nyumba, akaimwaga.

"Baba, juu ya nini unamwaga dawa ya watu?"

"Njo vile. Ndivyo balitufundisha."

"Mais, lakini juu ya nini?"

"Balisema mwaga. Hawakusema juu ya nini. Na mimi sikuuliza, sikuwa na mudomo sawa wako."

Basi. Sababu hakuijua yeye, wala binti hakuijua. Amri isiyo na sababu huishi mradi tu maisha hayajawa magumu.

Yakawa magumu. Hadidja aliolewa na Amisi, msafirishaji wa Beni, wakahamia Butembo. Amisi alikuwa na lori kuukuu lililokwenda Kamango kuchukua bidhaa za mpakani, na kila safari alimletea mkewe flakoni za penisilini zilizofungwa ndani ya soksi. Halafu ukaja uasi mwingine, huu wa juzi uliotukatia nchi vipande vipande. Vizuizi vikajaa barabarani. Askari walichukua lori wakasema wanakwenda nalo Eringeti siku mbili. Likarudi baada ya miezi miwili, halina kioo cha mbele. Flakoni zikawa za kuhesabu kwa vidole.

Wakati kama huo, umwage dawa nyuma ya nyumba? Hadidja aliona ni wazimu, tena dhambi. Akaanza kuchanganya Jumatatu dawa yote ya wiki katika chupa moja, na chupa ikampeleka mpaka Jumamosi. Hata tone halikupotea. Tena joto la kikapu likaifanya isiume. Alijiona amemzidi baba yake akili, na kwa kweli alijisifu, siyo kwa sauti, lakini alijisifu.

Nasiba, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na minane na alisoma kwenye masomo, yaani shule, ya wauguzi. Alikuwa mpole kama baba yake, mwenye kuandika kila kitu katika daftari. Mwalimu wake wa mikrobi, vile vijidudu vya maradhi, alikuwa Prof Benoît, mtu wa Kisangani. Serikali ilimtuma Butembo kabla ya vita, kisha vita vikapita katikati, serikali yake ikabaki upande wa pili na mshahara wake huko huko. Alibaki na suruali mbili na vitabu. Alivaa tai kila siku, hata tai hiyo ilipobaki uzi.

Jumatano moja Nasiba alirudi anakimbia.

"Mama, Prof anatafuta penisilini, kidogo tu. Kesho tunafanya kazi ya labo na ku masomo hakuna. Nilimwambia kwetu iko."

"Labo gani? Ile chumba yenye munawekaka majembe?"

"Njo ile ile. Tunataka kuona mikrobi zenye kushinda dawa. Na kisha Prof atachagua mutu mumoja, ataingia staji, kujifunza kazi ku labo ya hospitali. Mumoja tu, mama."

"Na huyo mumoja ni nani?"

Nasiba aliinamisha kichwa, akacheka. Jibu lilieleweka.

Alhamisi asubuhi Hadidja alijifunga kitenge cha sikukuu, akabeba kikapu mwenyewe. Hakutaka dawa ipoe njiani, na hakutaka kukosa kuona binti yake akichaguliwa. Prof Benoît alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye benchi la mbele. Tangu darasa la sita hakuwa ameketi kwenye benchi la masomo. Magoti yaligonga meza.

Labo yenyewe, maabara yao, ilikuwa ubao juu ya matofali. Majembe yalisukumwa kwenye kona. Kulikuwa na ubao mwingine uliotobolewa matundu, na ndani ya matundu tibu tatu za kioo, nyembamba kama vidole. Kulikuwa na makopo ya maziwa yenye supu ya nyama iliyochacha, ambamo wanafunzi walifuga mikrobi siku mbili: kopo moja la usaha wa jipu la mlinzi, jingine la koo la mwanafunzi Phinées, ambaye alijivunia sana kwamba koo lake limeingia sayansi.

"Musikilize," alisema Prof Benoît. "Penisilini inaua mikrobi. Mais kuko mikrobi zenye akili. Zinatengeneza kitu tunaita anzimu. Anzimu ni sawa mukasi. Inakata penisilini vipande, na penisilini yenye kukatwa haiwezi kuua hata inzi. Sasa, mukasi ile tutaiona namna gani?"

"Haionekani, Prof!" walijibu.

"Haionekani. Donc, basi, tunaitegea mutego. Mutoto, onyesha."

Nasiba alisimama, akachukua maji ya wanga wa muhogo aliyoyapika mwenyewe asubuhi, akadondoshea matone mawili ya iyode, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Maji yakawa buluu nzito kama wino. Hadidja aliguna kwa kushangaa. Miaka yote alikuwa na iyode sandukuni na muhogo jikoni, wala hakujua kwamba wanajuana.

"Penisilini yenye uzima haigusi ile rangi," Prof aliendelea. "Penisilini yenye kukatwa inaikula. Rangi ikibaki, dawa ni nzima. Rangi ikipotea, mukasi ilipita. Tibu ya kwanza: dawa na mikrobi ya jipu. Ya pili: dawa na mikrobi ya Phinées. Ya tatu: dawa yenyewe tu, bila mikrobi. Ile tunaita témoin. Njo shahidi wetu. Shahidi lazima abaki buluu. Shahidi akipotea rangi, kazi yote ni bure."

Hadidja alitoa chupa kikapuni kama mtu anayetoa mtoto mchanga. Nasiba aligawa dawa katika tibu tatu. Wakaziweka katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa saa moja. Saa hiyo Prof aliitumia kuwauliza maswali, na kila mara mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Nasiba. Mama yake kwenye benchi alijifanya anatazama majembe.

Kisha wakatia maji ya muhogo, wakatia iyode. Tibu zote tatu zikawa buluu. Wanafunzi wakasogea.

Ya jipu ikaanza kupauka, na darasa likashangilia: mukasi! Ya Phinées nayo ikapauka, na Phinées akapiga kifua. Halafu, wakati bado wanacheka, ile ya tatu, ya shahidi, nayo ikaanza. Ikawa buluu ya anga, ikawa ya maziwa, ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele.

Prof aliinua tibu ile kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani alitengeneza témoin?" aliuliza Prof.

"Mimi, Prof," alisema Nasiba.

"Ulitumia mrija yenye ilitoka ndani ya mikrobi?"

"Hapana, Prof. Nilibadilisha."

"Ametia makamasi yake!" alisema Phinées, na darasa likaanguka kicheko.

Prof alinyoosha mkono, wakanyamaza. Alikuwa mtu wa haki, huyu Prof, na kwa haki yake alimgeukia mwenye dawa.

"Mama, samahani, nakuuliza tu. Juu kuko njia ingine. Penisilini ikisha kuchanganywa na maji, ikikaa siku nyingi, zaidi mahali pa moto, inajikata yenyewe. Bila mikrobi, bila mukasi. Inakufa. Na ile yenye kufa inakula rangi vile vile. Hii dawa mulichanganya lini?"

Hadidja alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Siku nyingi. Mahali pa moto. Alikiona kikapu magotini pake, nguo kuukuu zilizokunjwa vizuri, majivu kidogo pembeni. Wanafunzi arobaini walimtazama. Nusu yao aliwachoma yeye walipokuwa wadogo.

"Leo asubuhi," alisema.

"Leo asubuhi?"

"Leo asubuhi, Prof. Na maji ya kuchemsha."

Nasiba aligeuka akamtazama. Alimtazama tu, mara moja, kisha akatazama tibu zake.

"Bon," alisema Prof kwa huzuni. "Kama dawa ni ya leo, donc ni mukono. Nasiba, mutu mwenye kushindwa kulinda témoin hawezi kuingia labo ya hospitali. Pale wagonjwa watakufa juu ya mrija muchafu. Phinées, utaenda wewe."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Hadidja alisema kwa wawili. Alisema Prof mwenyewe hajui kazi, alisema labo gani ya majembe, alisema Phinées na koo lake wote ni bure, alisema mwaka ujao kutakuwa na staji nyingine. Walipofika kwenye mteremko wa nyumbani Nasiba akasimama.

"Mama, leo asubuhi ulifua nguo, ukajifunga kitenge, tukatoka. Sikukuona ukichanganya kitu."

"Unanihesabia kazi sasa?"

"Hapana, mama."

"Ulitaka nisemeje? Mbele ya ile kundi yote?"

"Sikutaka kitu," alisema Nasiba, akaingia ndani.

Na uani, kwenye kigoda kando ya mafiga, alikuwa ameketi Kavira, mke wa seremala wa jirani, na mtoto wake Agar kifuani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na kifua. Mbavu zilivuta ndani kila alipopumua. Hii ilikuwa siku ya tatu ya sindano.

"Mama Nasiba, tulikungojea. Wasingya sana, asante sana kwa kukuja mbio." Kavira alimvua mtoto nguo. "Bado ana moto. Mais halii tena sana. Nafikiri anapona."

Hadidja aliweka kikapu mahali pake. Mikono ilifanya kazi kama ilivyozoea: serengi, pamba, pombe ya kusafishia. Alivuta dawa ya chupa mpaka kwenye alama. Kisha akabaki ameishika.

Angeweza kuichoma. Nani angejua? Angeweza pia kuingia ndani, kufungua flakoni mpya, moja ya zile zilizobaki kwenye soksi, kumchoma Agar dawa nzima, akanyamaza. Mtoto apone au asipone, na jina likabaki pale pale. Mawazo yote mawili yalimpita, tena hayakupita haraka. Hilo ndilo alilolionea haya baadaye kuliko yote: kwamba alikaa akiyapima.

Aliweka serengi chini. Akachukua kikombe, akatia maji ya moto, akakorogea unga kidogo wa muhogo. Akagawa katika vikombe viwili.

"Unapika uji?" aliuliza Kavira.

"Ngoja."

Akaingia ndani akatoka na flakoni mpya, akaitia maji, akaitikisa. Katika kikombe cha kwanza akatia dawa ya kikapu. Katika cha pili akatia dawa mpya. Mkono ule uliosifiwa mtaa mzima ulikosea, iyode ikamwagikia kidole. Tone, tone. Vikombe vyote vikawa buluu. Kavira alicheka, akamwonyesha mtoto.

"Angalia, Agar! Rangi!"

Hesabu mpaka mia moja. Hadidja alihesabu. Kikombe cha dawa mpya kilikaa buluu kama kilivyo. Cha kikapu kikapauka, kikapauka, kikawa cheupe.

Akatia iyode nyingine. Kikawa cheupe tena.

"Ni uchawi gani huu?" alisema Kavira, sasa hacheki.

"Si uchawi. Mama Agar, sikia." Hadidja alipiga magoti pale pale kwenye majivu. "Ile dawa nilimuchoma mutoto juzi na jana ilikuwa imekufa. Ilikuwa maji. Niliiua mimi mwenyewe, na ile kikapu. Siku mbili nimemupa maji."

Kavira alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali. Kisha akaelewa. Hakupiga kelele, na Hadidja angeshukuru kama angepiga.

"Njo maana alikuwa halii," alisema polepole. "Mimi nikafikiri anapona."

"Nitamuchoma hii mpya sasa hivi, kisha tupeleke..."

"Nirudishie nguo ya mutoto."

"Mama Agar..."

"Nguo. Iko chini ya goti lako."

Kavira alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali. Hadidja alifuata nyuma, amepakata flakoni mpya na mfuko wa nepi, hatua kumi nyuma yake, na njiani watu walimsalimu kwa furaha kama kila siku: "Mama Nasiba! Sindano tamu!" Aliitikia kila salamu. Njia ile ilikuwa ya nusu saa. Hakuwahi kutembea ndefu kuliko hiyo.

Muuguzi wa zamu, mwanamke aitwaye Simone, aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

"Alishaanza dawa?"

Kavira hakumtaja mtu. Alitazama ukuta tu.

"Alianza," alisema Hadidja. "Ni mimi nilimuchoma. Andika kama hakuchomwa kitu."

Simone alimwangalia toka kitenge mpaka viatu. Alimjua, nani hakumjua. "Wewe njo ule wa kikapu," alisema, akaandika.

Kisha wakamchoma Agar, dawa ya baridi kutoka chumba cha baridi, na Agar akalia. Alilia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na Hadidja, aliyesimama mlangoni, alisikia kilio kile mpaka kwenye mifupa. Miaka yote alikuwa anajisifu kwamba hajawahi kukisikia.

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda masomo kabla ya kengele. Hakuvaa kitenge cha sikukuu. Alibeba chupa ya kikapu na flakoni nyingine mpya, moja kila mkono, akasimama mbele ya darasa, mahali pa mwalimu.

"Jana nilidanganya," alisema. Sauti yake, inayosikika ng'ambo zote mbili za bonde, ilitoka ndogo. "Dawa ilikuwa ya Jumatatu. Ilikaa ku moto siku nne. Nasiba hakuchafua kitu. Prof, yeye Nasiba alijua, na hakunitaja. Hii ni ile ya jana. Hii ni mupya. Muangalie wenyewe."

Alitegemea watacheka. Hata Phinées hakucheka. Prof Benoît alichukua chupa zote mbili, akafanya kazi ile ile kimya, na shahidi wa dawa mpya akabaki buluu mpaka kengele ya mapumziko. Wanafunzi waliandika. Hadidja aliwasikia wakiandika: arobaini nzima, kalamu zikikwaruza, wakiandika kosa lake katika madaftari ili wasilisahau kwenye mtihani.

"Phinées," alisema Prof.

"Najua, Prof," alisema Phinées, akasogea kwenye benchi ili Nasiba apite mbele.

Staji alipata Nasiba. Kwa mama yake hakusema asante wala hakusema neno baya. Jioni alipika bukari, ule ugali wa muhogo, akampakulia mama yake kwanza kama siku zote, na walikula wakitazama sahani.

Agar alikaa hospitalini siku tisa, akatoka mzima. Kavira akikutana na Hadidja kisimani humsalimu kwa mkono, haongezi. Hadidja naye alikipasua kikapu akakitia motoni. Bado watu wengine huja, maana hospitali ni mbali na vita havijaisha. Na yeye hufungua flakoni mbele ya macho yao, humchoma mgonjwa, na inayobaki huimwaga nyuma ya nyumba, baridi, yote. Watoto hulia. Mama zao hunung'unika: "Siku hizi mukono wako umekuwa muzito." Yeye, mwenye mdomo ule, huosha serengi na kuita anayefuata.

Lakini kuku yule mwekundu alikuwa bado pale. Kila asubuhi alipita mbele ya mafiga na vifaranga vyake sita, akiparua majivu. Hadidja alihesabu. Mariette alianza kuchomwa siku ya Jumanne. Chupa ilikuwa ya Jumatatu. Siku tano. Kwa Agar kulikuwa na vikombe viwili, mtu aliweza kutazama akajua. Kwa Mariette hakuna kikombe. Labda kifua kile kingemuua hata kwa dawa nzima. Labda hapana. Hakuna atakayejua, na kutojua huko hakukumpunguzia kitu.

Alivumilia wiki tatu. Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alimkamata kuku, akamfunga miguu, akavitia vifaranga katika karai, akaenda mpaka kwa Débora.

Débora alikuwa anapanga chupa zake za mafuta kwenye meza. Alimwona, akafurahi.

"Yaya! Karibu! Mama wa sindano tamu. Mais nini tena, unanirudishia kuku? Hatagi?"

"Anataga vizuri," alisema Hadidja. "Amezaa hata sita."

"Basi ni wako. Zawadi hairudi. Nilikupa juu ulimutunza mutoto wangu."

Hadidja aliweka karai chini. Kuku alimlaza miguuni pa Débora, vifaranga vikalia.

"Acha chupa, Débora," alisema. "Kaa. Hapana, kaa kwanza, ndugu yangu, ndiyo nitasema."